Mashahidi wa Chini ya Ukurasa

Jumatatu, 1 Julai 1996

Mwezi ndio kwanza umeanza na mimi nimeshachoka.

Jana baada ya ibada Mchungaji Kweyu alitangaza kwamba kanisa letu la hapa mtaani Baba Dogo, Nairobi, linatimiza miaka ishirini na mitano. Sherehe ni Jumapili tarehe 28. Kutakuwa na pilau, kwaya tatu na kijitabu cha historia ya kanisa. Nani atakiandika? Macho yote yakamgeukia Mwalimu Nzivo. Bila shaka! Nzivo anafundisha darasa la saba, anaongoza kwaya, anavaa tai hata Jumamosi. Akaanza kukohoa kwa unyenyekevu. Kabla hajamaliza kukohoa, nikasimama. Nikasema Mungu ameniwekea mzigo huu moyoni.

Ukweli ni mwingine. Kiti cha katibu wa kanisa kiko wazi tangu katibu wetu ahamie Kitale, na kila mtu anajua kwamba atakayeandika kijitabu vizuri ndiye atakayekikalia. Miaka kumi na tisa nimekuwa karani wa stoo katika kiwanda cha sabuni. Naandika kutwa nzima na hakuna hata mtu mmoja anayesoma. Natamani kabla sijafa niandike kitu kitakachosomwa.

Mchungaji alikubali kwa sharti moja. Kila jambo liwe na tanbihi. Niliitikia kwa kichwa kama mtu aliyelelewa kwa tanbihi.

Nyumbani nikamuuliza mke wangu Triza tanbihi ni kitu gani. Akasema si ni yale maneno mgeni anayoyasema akiwa ameshafika mlangoni, yale hasa yaliyomleta? Hakunisaidia.

Jumatano, 3 Julai

Nimemuuliza Nzivo. Kwa ujanja, kama ninayempima. Akanipima yeye kwanza, kuanzia viatu.

Akaeleza kwamba unaweka namba ndogo mwisho wa sentensi, juu kidogo ya mstari. Chini ya ukurasa unaichora ile namba tena, kisha unaandika jambo hilo ulilitoa wapi. Kama ni kitabu, kitabu gani na ukurasa gani. Kama ni mtu, nani, wapi, lini. Unaweza pia kuweka hapo neno linalofaa kujulikana ila lingemchelewesha msomaji njiani. Akasema tanbihi ni adabu tu. Unamwonyesha msomaji njia aliyopita mwandishi, ili naye akitaka aipite akajionee.

Halafu akaniuliza, kwa ile sauti ya darasa la saba, mimi nitawatoa wapi watu wa kuniambia. Nikasema wamejaa tele. Moyoni sikumjua hata mmoja.

Jioni nikitoka geti la kiwanda Mama Kamene akanishika mkono wa shati. Mama Kamene ni yule mzee anayeuza uji nje ya viwanda, kanisani hukaa benchi la mwisho karibu na mlango.

"Wekulo mwanangu, nasikia unaandika habari za mwanzo. Mimi nina maneno kidogo."

Maneno kidogo! Mama Kamene ukimuuliza saa, anaanza na bibi yake aliyemzaa mama yake. Nikamwambia nitamtafuta nikipata nafasi, sasa hivi niko mbioni na utafiti.

Jumamosi, 6 Julai

Utafiti umeniua.

Nilielekezwa kwa Mzee Masinde, anayeishi Kware siku hizi, eti ana kumbukumbu kali. Ghorofa ya tano. Ngazi zina giza mchana kweupe. Nilifika nikihema kama mbuzi wa kafara. Kumbukumbu anazo, sikatai. Kuanzia saa nne hadi saa saba alinisimulia henia yake: ilivyoanza, ilivyopasuliwa, ilivyorudi. Nilipofanikiwa kumuuliza habari za kanisa, akasema yeye alijiunga mwaka 1989.

Soli ya kiatu cha kulia imefunguka mdomo. Tanbihi nilizopata: hakuna.

Mchana nimejilaza kitandani na kitabu alichoniazima Mchungaji ili nione tanbihi zinavyokaa. Nikakisoma kurasa thelathini. Ghafla nikaona ajabu. Kila ukurasa una tanbihi nne au tano, na mimi sikuwa nimesoma hata moja! Jicho linafika kwenye ule mstari wa chini na kuruka hadi juu ya ukurasa unaofuata, kama mtu anayeruka mtaro.

Nikaketi wima. Hakuna anayesoma tanbihi. Msomaji anaridhika kuona namba, basi. Kumbe Nzivo alinieleza yote, akasahau jambo moja tu lenye maana!

Jumapili, 7 Julai

Nimeandika baada ya chakula cha mchana bila kuinuka. Kalamu imeteleza kama sabuni yetu ya daraja la kwanza.

Sentensi yangu tukufu ni hii: "Ibada ya kwanza ya kanisa hili ilifanyika mwaka 1971 nyumbani kwa marehemu Mzee Nabiswa, mtu aliyeheshimika Baba Dogo nzima." Halafu namba 1. Chini yake: "Mahojiano na Mzee Yonis Okumu, Majengo, 4 Julai 1996."

Mzee Nabiswa ni baba yangu. Alikuwa mlinzi wa kiwanda. Nakumbuka alikuja kanisani mara chache akalala usingizi. Lakini alikuwa baba, na baba akiwa mwanzilishi, mtoto anakuwa katibu bila kusukumana na mtu.

Mzee Yonis Okumu hajawahi kuwepo duniani. Jina moja nililitoa kwenye daftari la geti la kiwanda, na la pili kwenye mstari uliofuata. Nimeumba wengine saba kwa njia hiyohiyo. Mungu aliumba kwa siku sita, mimi nimemaliza kabla ya chai ya saa kumi.

Tanbihi ya tisa nimeiweka kwa starehe yangu tu: "Wakati huo Mwalimu N. alikuwa hajajua kuimba. Wapo wanaosema hali haijabadilika."

Triza amenikuta nikicheka peke yangu. Ameuliza kama ni malaria.

Jumanne, 9 Julai

Nimepeleka kazi kwa Everline, binti anayepiga chapa kwenye kibanda karibu na posta. Ni muumini wetu pia. Nilidhani atafurahi.

"Aki Baba Ryan, hizi namba zako ndogo zitanimaliza."

Sikujua kwamba taipureta haina namba ndogo. Kila namba lazima azungushe rola nusu mstari kwa mkono, apige, airudishe. Kisha ahesabu mistari kutoka chini ya ukurasa ili tanbihi zipate pa kukaa. Akihesabu vibaya, zinamwagika nje ya karatasi. Na hii ni stensili, si karatasi ya kawaida. Ukikosea unapaka dawa, unangoja ikauke, unaomba Mungu. Ameharibu stensili tatu mbele yangu. Ya tatu aliiharibu akinitazama.

Halafu akauliza Yonis Okumu ni nani, maana yeye amezaliwa Majengo.

Nikasema Majengo ni kubwa.

Akasema si kubwa hivyo.

Ijumaa, 12 Julai

Msiba!

Mchungaji ameita kamati. Ameshika kijitabu changu, macho yanang'aa. Akasema amekisoma chote, na kwamba yeye tangu chuo cha theolojia ana tabia yake. Huanza na tanbihi. Anasema huko chini ndiko anakomwona mwandishi alivyo.

Nikahisi jasho linashuka hadi ndani ya kile kiatu kilichofunguka.

Akasema ameguswa sana na wazee hawa wanane. Wamelibeba kanisa kichwani miaka yote na hakuna aliyewahi kuwashukuru. Anapendekeza waalikwe wote wanane, wakae viti vya mbele, kila mmoja apewe blanketi. Kamati ikapiga makofi. Nami nikapiga. Ningefanya nini?

Nzivo hakupiga. Alikuwa anasoma. Akauliza taratibu huyu Yonis Okumu ni mtu wa wapi, maana jina la kwanza linatoka Garisa na la pili linatoka Siaya. Nikasema upande wa mama. Akauliza lipi. Nikasema yote mawili.

Kisha akajitolea kunisindikiza kupeleka barua za mwaliko. Wala hakutaja tanbihi ya tisa. Hilo ndilo lililoniogopesha zaidi.

Jumatatu, 15 Julai

Nimewahamisha. Jana nilimwambia Mchungaji kwamba nilizunguka mitaa yote na kukuta wazee saba wamerudi mashambani, kila mmoja kwa wakati wake. Mmoja Bungoma, mmoja Machakos, wawili sikumbuki niliwapeleka wapi. Alisikitika kweli. Aliwaombea mmoja mmoja kwa majina, na mimi nimesimama hapo nikisema amina kwa watu wasiokuwepo. Sijawahi kuchoka hivyo katika maombi.

Lakini akasema Mzee Yonis Okumu lazima apatikane. Yeye ndiye shahidi wa ibada ya kwanza. Bila yeye, ukurasa wa kwanza unasimama kwa mguu mmoja.

Triza amenishauri niende nikaseme ukweli kabla mambo hayajakua. Nikamwambia haelewi uandishi. Akasema sawa Baba Ryan, na akaendelea kuchambua sukuma wiki.

Jumamosi, 20 Julai

Nimempata!

Nilitembea Majengo tangu asubuhi nikitazama wazee. Wengine walidhani mimi ni askari kanzu. Saa sita nikamkuta mzee mmoja ameketi nje ya chumba chake akichonga vifaru wa mti wa mhugu. Mpole, ndevu nyeupe, uso wa mtu anayeaminika. Anaitwa Mzee Maingi. Nikamweleza shida yangu: aje kanisani Baba Dogo, aitikie jina la Yonis Okumu, asimame aseme sentensi moja, ale pilau, aende na blanketi lake.

Akapuliza vumbi la kifaru. Akasema maisha yake yote amechonga simba na hajawahi kumwona simba, kwa hiyo haoni tabu. Akaongeza, "Lakini Baba Dogo mimi naijua, kijana wangu. Zamani nilifanya kibarua huko, tulikuwa tuna..."

Nikamkata. Jua lilikuwa kali, na nimeshasikiliza wazee wa kutosha mwaka huu. Nikamfundisha sentensi yake: "Ibada ya kwanza ilikuwa kwa Mzee Nabiswa." Akaikariri mara nne. Mara ya tatu alisimama kidogo, akaniuliza, "Nabiswa yule mlinzi?" Nikasema huyohuyo, rudia tena.

Nimerudi nyumbani miguu inawaka lakini nina furaha.

Jumapili, 28 Julai

Nitaandika haraka, kisha nilale, ingawa ni saa kumi na moja jioni tu.

Kanisa lilijaa hadi nje. Kijitabu kilikuwa mikononi mwa kila mtu, bado kinanuka wino. Watu walikuwa wanakisoma! Niliona akina mama wakifuata mstari kwa kidole. Kwa muda wa robo saa nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Eastlands.

Mzee Maingi alikaa kiti cha mbele, koti limepigwa pasi. Mchungaji akasimama, akasoma tanbihi ya kwanza kwa sauti, akasema sasa tutamwona kwa macho mtu aliye chini ya ukurasa wetu wa kwanza. Karibu, Mzee Yonis Okumu!

Mzee akainuka. Akageuka kuwatazama watu, benchi baada ya benchi, mpaka la mwisho karibu na mlango. Hapo akaganda. Nilimwona akiganda.

"Kwanza," akasema, "jina langu ni Maingi."

Mtu mmoja akacheka. Mimi nilishika benchi.

"Nimeambiwa niseme ibada ya kwanza ilikuwa kwa Nabiswa. Nilitaka kusema hivyo, maana nimeahidiwa blanketi. Lakini yule mama aliyeketi kule nyuma ananitazama. Yeye ni Kamene. Sikujua kama bado yuko hai. Mwaka sabini na moja nilikuwa kibarua hapa, nikinywa uji wake. Kibanda chake kilikuwa pale penye ukuta wa kiwanda. Mvua ilinyesha wiki nzima, kazi ikasimama, tukajibanza mle ndani watu kumi na mmoja. Kamene akasema kama kazi hakuna, tuombe. Tukaomba. Kesho yake tukaomba tena. Hiyo ndiyo ibada yenu ya kwanza. Mimi nilikuwepo."

Wote wakainua shingo kumtazama Mama Kamene. Hata watoto.

Yaani katika Nairobi nzima nimekwenda kumtafuta shahidi wa uongo, nikamwokota shahidi wa kweli! Mmoja katika kumi na mmoja! Nani mwingine ana bahati mbaya kiasi hiki?

Mchungaji akamleta Mama Kamene mbele, polepole, amemshika mkono. Akamuuliza kwa nini hakusema miaka yote hii.

"Sikuulizwa," akasema. Hakuwa na hasira. "Nilikuwa natosheka kuona watu wanaingia. Ila nilipoona kitabu kimeandikwa na mimi simo, niliona vibaya kidogo. Nilimfuata huyu mwanangu Wekulo, nikamwambia nina maneno. Alikuwa na kazi nyingi."

Watu mia tatu wakageuka. Nilitazama soli ya kiatu changu.

Ningependa kuandika kwamba mambo yaliishia hapo. Mama Kamene akaninyooshea kidole, kwa upole.

"Msimcheke. Baba yake alikuwa mmoja wetu. Nabiswa hakuweza kukaa macho kwenye maombi, alikuwa ametoka zamu. Alikuwa analala pale kwenye jiwe karibu na jiko. Lakini kila asubuhi kabla ya kulala alikuwa ananiletea debe la maji kutoka mfereji wa kiwanda, begani, mpaka kibandani. Miaka minne. Bila yale maji hakuna uji, na bila uji hakuna mtu angekuja kuomba. Hakunidai hata asante."

Sikulijua hilo. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nilimwonea haya kwa sare yake na usingizi wake. Hakuwahi kutuambia habari ya debe lolote.

Nikatoka nje kwa mlango wa pembeni. Nikasimama kwenye ule ukuta wa kiwanda kwa muda. Hakuna jiwe wala nini. Kuna mtu anatengeneza redio.

Nzivo alinifuata na sahani ya pilau. Nilingoja anicheke. Hakucheka. Akasema nile, imepoa. Ningemshukuru zaidi kama angecheka.

Jumatatu, 29 Julai

Nimeitwa ofisini kwa Mchungaji. Akaniuliza wale wazee saba wako shamba gani hasa. Akasema anadhani ni shamba la kichwani mwangu. Akasema kilichomuuma si uongo wangu peke yake. Aliwaombea kwa dhati, mmoja mmoja, na sasa hajui maombi yale yamwendee nani.

Hilo limenichoma. Nilikuwa tayari kwa matusi, si kwa hilo.

Kijitabu kitaandikwa upya. Nzivo ataandika, akianzia kwa Mama Kamene, na amekwisha kwenda kwake na daftari, akakaa hapo tangu saa tatu hadi saa tisa. Ukatibu amepewa Everline. Mzee mmoja wa kanisa alisema katika kazi hii yote ni yeye aliyekuwa wa kwanza kuuliza swali la maana. Mzee Maingi amepewa blanketi lake.

Triza hakuniambia "nilikuambia". Amenipikia mrenda, mboga ninayoipenda kuliko zote. Sijui lipi ni baya zaidi.

Jumamosi, 3 Agosti

Nzivo amekuja nyumbani na ukurasa wa kwanza wa kijitabu kipya. Mama Kamene yuko mstari wa kwanza, kwa jina lake lote. Chini ya ukurasa Nzivo ameacha nafasi ya mistari mitatu. Akasema kamati imeona ni haki tanbihi ya Mzee Nabiswa niiandike mimi mwenyewe, kwa kuwa ni mwanawe. Aliyoyasema Mama Kamene tu, akasisitiza, bila kuongeza neno. Akaniazima hata kalamu yake.

Macho yaliniuma. Triza akaenda jikoni ili asinione.

Nimeketi nikaandika kwa uaminifu: "Mzee Nabiswa alileta debe la maji kila asubuhi kwa miaka minne. Mahojiano na Mama Kamene, Baba Dogo, 29 Julai 1996." Nimeisoma mara kadhaa. Ni nzuri. Ni kweli. Ingempendeza baba.

Ila debe moja... Debe moja kwa watu kumi na mmoja? Na jiko, na kuosha vikombe? Mtu yeyote mwenye akili ataona halitoshi. Bila shaka Mama Kamene alisahau, ni mzee. Nimeandika "madebe mawili".

Kisha nikakumbuka baba alikuwa na mabega mapana. Nimeandika "madebe manne".

Nafasi ilibaki mstari mmoja mtupu, na ni aibu kuacha mstari mtupu katika kitabu cha kanisa. Nimeongeza: "Inasemekana mara nyingine aliyabeba yote kwa mkono mmoja."

Nani atakwenda kuuliza?